Baiskeli Isiyo na Bomba la Juu

Solusheni ya kuzibia pancha haijabadilika harufu. Vitu vingine vyote vimebadilika, hata viazi siku hizi havina ladha, lakini fundi akiifungua tu, harufu inayotoka ni ileile ya wakati nilipokuwa na meno ya utoto. Juzi nilikuwa sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, na mjukuu wangu wa kike. Anasoma ualimu Iringa, amepanga chumba mbali na chuo, na alitaka nimsindikize achague baiskeli nzuri isiyomkausha mfuko. Mimi nilikalishwa kwenye benchi la fundi, yeye akizunguka na muuzaji. Kijana mmoja akapaka solusheni kwenye mpira, nami nikajikuta nimefumba macho.

"Bibi, unaumwa?" mjukuu akauliza.

Nikamwambia ni jua. Hapakuwa na jua, kulikuwa na ile baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita inayopenya mpaka kwenye fizi. Yeye ni mtoto mpole, hakubisha. Sikuweza kumweleza pale kwenye benchi, mbele ya vijana wenye redio. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mnaokumbuka mkwe alikuwa nini.

Mama yangu hakuwa wa kwetu. Alikuwa Mhehe wa Iringa, akasomea ukunga hospitali ya misheni kulekule, na baba yangu alimkuta huko wakati akifanya kazi ya utingo kwenye lori. Akamwoa, akamleta kwetu, kwa Wanyakyusa wa vilima vya migomba na ukungu kusini mwa mji wa Mbeya. Kisha akafanya walichofanya wanaume wengi wakati ule Mwingereza bado anatawala: akaenda migodini kusini, na kutoka huko tukawa tunapata blanketi na salamu. Mama akabaki na mimi, na mkoba wake wa ukunga, na kazi yake kwenye zahanati ya misheni. Na mkwe wake.

Kwa desturi yetu, mke wa mtoto hamwoni baba mkwe. Watu wa makabila mengine nikiwaeleza hudhani nasema anainamisha macho au anapiga magoti. Hapana, hamwoni kabisa. Mzee akija njiani hukohoa toka mbali, na mwanamke huacha njia, akajificha migombani mpaka kikohozi kipite. Haingii nyumbani kwake, hatamki jina lake. Mila hiyo tuliiita ukutila, yaani kuogopa, ingawa ukiwauliza wenyewe walisema ni heshima. Ndiyo sababu wazee walijenga upande wao na watoto wao waliooa upande mwingine. Nyumba ya babu ilikuwa ng'ambo ya kijito, moshi wake tukiuona kila asubuhi.

Mama alipofika hakuelezwa sawasawa. Wiki yake ya kwanza alibeba mkungu wa ndizi, akavuka kijito, akasimama mlangoni kwa babu na kupiga hodi kwa sauti nzuri ya Kihehe. Babu alitokea mlango wa nyuma akaruka ua, mzee mzima, akaacha kiatu kimoja. Shangazi zangu walikisimulia kisa hicho kwenye kila sherehe. Walikuwa wanacheka mpaka wanagaagaa kwenye mikeka. Mama naye alicheka nao, lakini tangu siku hiyo hakuna mwanamke kilimani kwetu aliyeishika mila ile kama yeye. Wanawake waliozaliwa nayo walijua pa kuilegeza. Kikohozi kikiwa mbali walimalizia kwanza kuchota maji. Mama yangu alikuwa akiacha ndoo ikianguka.

Mjumbe wao nilikuwa mimi. Mama akitaka kumwambia babu neno, alinipa mimi nivuke nalo, na babu akitaka kujibu alinipa mimi nirudi nalo. Kazi hiyo niliipenda kuliko kucheza. Babu alikuwa mrefu, mkimya, ananuka ugoro na maziwa, na alinipokea kama anavyopokewa chifu. Alinikalisha kwenye kigoda, akageuza kichwa upande, akasema: "Sema." Nikasema. Halafu akasema: "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena, kwa nguvu, kama mtu." Nikapaza sauti. Ndipo alipoitikia kwa kichwa na kutoa jibu. Nilielewa kwamba ananifundisha. Nilidhani ndivyo wajumbe wa machifu walivyofundishwa, kurudia neno mpaka litulie. Nilijivuna sana, na nyumbani nilikuwa nikiwafundisha kuku.

Sasa, habari ya baiskeli. Vilima vyetu vimetawanyika, na uchungu wa kuzaa haungoji mtu apande mlima. Mama alikuwa akiitwa huku na huku kwa miguu, mara anawahi, mara anakuta kanga imeshafunikwa juu ya kitoto. Msimu mmoja wa mvua alichelewa kwa mke wa mwalimu, na wakafa wote wawili, mzazi na mtoto. Alirudi akakaa kizingitini akiosha tope miguuni, akaosha mpaka maji yakaisha, akaendelea kusugua. Sista mkuu wa zahanati hakuwa mtu mbaya, lakini alimwambia wazi kuwa vilima vinahitaji mtu anayefika. Kama yeye hafiki, ataombwa mwingine kutoka Iringa, na yeye abaki kufua bandeji. Kazi ile ndiyo iliyomfanya mama asiwe "yule Mhehe" tu. Wanawake waliomcheka kwenye mikeka walikuwa wakimshika mkono wakati wa uchungu na kumwita mama. Bila kazi ile angebaki na kisa cha kiatu.

"Ningekuwa na baiskeli," alisema, si kwangu, kwa maji.

Alikuwa amejifunza kupanda Iringa, kwenye uwanja wa hospitali, kwa baiskeli ya sista mmoja. Mimi sikuwahi kumwona mwanamke mweusi juu ya baiskeli, nikadhani ananitania. Fedha alikuwa nayo kidogo, ya viazi na pareto. Ila baba hayupo, na baba asipokuwepo neno la nyumba liko kwa babu. Nikavuka kijito.

Babu alinifanya nirudie siku hiyo mpaka sauti ikakwaruza. Alipoelewa alichukua ugoro, akaunusa polepole. Nilijua atakataa. Jirani yake aliyekuwa amekaa naye akasema, "Mwanamke apande chuma miguu wazi? Mkwe wako huyo?"

Babu akaniuliza, "Hicho chuma anakaaje juu yake?"

Nikamweleza kama mama alivyonifunza: kuna ya kike, haina bomba la juu, mtu anaingiza mguu kama anavuka mfereji, na gauni linabaki chini.

"Mke wa mwalimu alikuwa binti wa rafiki yangu," babu akasema. Kisha: "Mwambie mama yako anunue. Lakini iwe na kengele kubwa. Akifika kwenye kona yoyote apige, mimi nitasikia nitatoka njiani. Si yeye, mimi. Mwambie hivyo."

Niwaulize ninyi, kuna mkwe gani mwingine aliyewahi kusema hivyo? Mama aliposikia alikaa chini. Akanifanya nirudie na yeye, mara mbili, ila yeye ni kwa furaha.

Tulikwenda mjini Mbeya na baba mdogo Ambakisye, mdogo wake baba, kwa sababu mwanamke kwenda peke yake kununua baiskeli ingekuwa habari ya vilima vyote. Dukani kwa Mhindi baiskeli zilikuwa zimening'inizwa darini kwa magurudumu, na chini yake ndipo ilipokuwa harufu ile, mpira mpya, grisi na solusheni. Nilifungua mdomo ili niile.

Baba mdogo alikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli ndefu ya kiume, nyeusi, inayong'aa.

"Shemeji, chukua hii. Baiskeli isiyo na bomba la juu ni ng'ombe asiye na mgongo. Utabebea nini?"

"Nitabeba mkoba."

"Na mimi nikiiazima siku moja? Nipande hiyo nyingine kama mwali?"

"Shemeji, unanunua wewe au nanunua mimi?"

Mhindi akacheka mpaka karanga alizokuwa akitafuna zikamtoka mdomoni. Akamwonyesha mama ya kike mpya, lakini bei yake ilikuwa ya watu wenye mashamba. Kisha akaivuta nyingine kutoka nyuma ya magunia, ya kike pia, rangi imebanduka, tandiko limechanika. Alisema ilikuwa ya memsahibu mmoja aliyerudi Ulaya.

"Hii mzee kidogo, mama, lakini chuma ya zamani. Bei tutaongea."

Nilitamani ile ya kung'aa na nilimwonea mama aibu. Yeye alivua kanga ya begani akanipa, akaanza kazi. Aliinua gurudumu la nyuma akalizungusha, akachutama kuangalia kama rimu inayumba. Alipapasa spoki mojamoja kama anavyopapasa tumbo, akisikiliza iliyolegea. Alikwaruza rangi kwa kucha kwenye maungio kutafuta ufa. Alitazama kifuniko cha cheni, na ule wavu wa pembeni unaozuia gauni lisinaswe. Raba za breki alizikunja kwa kidole, akasema zimekauka, zibadilishwe palepale, la sivyo anaondoka. Zikabadilishwa. Akaitoa nje, akaingiza mguu kama anavuka mfereji, akapanda.

Barabara nzima ilisimama. Wabeba mizigo, wanawake wa mboga, askari wa bwana shauri, yule Mzungu wa wilaya. Mama yangu akateremka na ule mtelemko wa mbele ya maduka, kanga ya kichwa ikipepea, na watu wakapiga yowe la "atakufa!", akabana breki. Ilisimama palepale, kama imeshikwa na mtu. Akarudi ameitembeza kwa mkono, amepata jasho la pua.

"Breki ndiyo baiskeli," aliniambia. "Mengine yote ni mapambo. Ukija kununua yako, kumbuka hilo."

Kengele yake ilikuwa ndogo, ya kulia kama panzi. Mama akaomba kubwa kuliko zote iliyokuwa rafuni. Aliipiga mle dukani tukaziba masikio. Bei ya kengele ndiyo iliyokula fedha ya kushonea tandiko, kwa hiyo alipanda juu ya tandiko lililochanika akiwa ameweka gunia. "Ya babu yako hii," alisema akiipangusa kwa kanga.

Ikafuata miezi mizuri. Sitaki kuirefusha kwa sababu inaniuma kuliko ile mibaya. Kengele ilisikika kilima hadi kilima, watoto wakizaliwa salama wakapewa jina lake, na shangazi zangu wakaacha kisa cha kiatu wakaanza kusimulia kisa cha breki. Sista akampa mkoba mpya. Mimi nilipakiwa kwenye keria siku za Jumapili, nikishika kiuno chake, na nilijua kuwa hakuna mtoto duniani mwenye mama kama huyu.

Nilikuwa na hamu moja tu iliyobaki: kuwaona mama na babu mahali pamoja. Niliwapenda wote wawili, na sikuwahi kuwaona kwa mtazamo mmoja. Basi Jumapili moja mchungaji akahubiri juu ya wakwe. Akasema aliye ndani ya Kristo hana haja ya kujificha migombani, baba mkwe ni baba. Babu hakuwa amebatizwa, lakini alizoea kukaa nje, ukutani, akiota jua wakati wa ibada. Nilichungulia dirishani nikamwona akiinamisha kichwa kama anayeitikia. Nikajua amekubali.

Kumbe mzee alikuwa anasinzia.

Siku chache baadaye babu alikuwa akienda mnadani, nami nikimbebea kigoda. Ilikuwa asubuhi, ukungu unaanza kupanda kutoka mabondeni, barabara nyekundu bado ina unyevu. Upande mmoja ilikuwa migomba, upande mwingine korongo la mawe lililochimbwa na mvua. Juu, nyuma ya kona, nikasikia kengele. Ilikuwa mama, anarudi kutoka kuzalisha. Niliitambua kwa namna alivyoipiga, mara nyingi mfululizo, kama alivyoagizwa.

Babu aliendelea kutembea katikati ya njia.

Nilimtazama usoni. Uso ulikuwa umetulia, hata alikuwa anaimba kidogo puani. Kengele ikalia tena, karibu zaidi. Hakutoka njiani. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, babu amelitii neno la mchungaji, anamngoja mkwewe amsalimie. Furaha ilinijaa mpaka nikakumbatia kigoda. Watu wa umri wangu wakifika hapa hupenda kujilaumu. Mimi sijilaumu. Nilikuwa mtoto, na niliona nilichofundishwa kukiona.

Mama akatokea kwenye kona. Alikuwa anakuja kwa kasi, lakini alituona kwa mbali ya kutosha. Akabana breki. Nawaapia, zilishika. Niliona kwa macho yangu baiskeli ikipungua mwendo, ikipungua, mpaka ikawa mwendo wa mtu anayetembea. Pumzi moja zaidi ingesimama mbele ya babu, naye angeshuka, na ningewaona mahali pamoja kama nilivyotamani. Badala yake mama alivuta kanga ya kichwa kwa mkono mmoja akafunika uso. Kwa mkono mwingine akakata usukani kuelekea korongoni.

Sikusikia yowe lake. Nilisikia chuma kwenye mawe, na kengele ikajipiga yenyewe.

Babu alikuwa ameona kanga tu, na ilitosha. Akageuka papo hapo, akampa mgongo, akaziba macho kwa viganja. Akaanza kuita watu. Mimi nikateremka korongoni kwa matako. Mama alikuwa amelala kati ya mawe, mguu mmoja umekaa mahali ambapo mguu haukai, na kanga bado iko usoni. Neno la kwanza aliloniambia lilikuwa hili:

"Babu yako ameondoka?"

"Bado. Amesimama. Amegeuka."

"Mwambie aende. Siwezi kuinuliwa akiwa hapo."

Nikapanda. Nikamwambia babu, mama anasema uende. Aligeuza kichwa upande, macho bado ameyaziba. "Rudia," akasema. Nikapaza sauti. "Rudia!" Nikapiga kelele mpaka nikaanza kulia: MAMA ANASEMA UENDE! Ndipo aliposema, "Siwezi kwenda na yeye ameumia. Mwulize wapi panamuuma." Nikateremka. Nikapanda. Nikateremka. Watu wazima wawili, wanaoheshimiana kuliko wote niliowajua, na mtoto anawabebea maneno juu na chini ya korongo, mmoja hatoki kwa sababu mwingine yupo, na mwingine haondoki kwa sababu huyu ameumia.

Niliposhuka mara ya mwisho mama alikuwa ameufunua uso. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

"Anakwambia urudie siku zote?" akauliza.

"Siku zote. Ananifundisha ujumbe."

Mama akafumba macho. "Hasikii," alisema. "Babu yako hasikii."

Wanaume waliotoka migombani wakamwondoa babu kwanza, kwa heshima, wakamshika mkono kama bwana harusi. Ndipo mama akainuliwa. Lori la kumpeleka hospitali Mbeya lilipatikana kwa kuchelewa, na mguu ukapona umepinda. Hakupanda kilima tena bila fimbo.

Aliporudi nyumbani watu wakaja kumpa pole, wakajaa ndani na nje, na swali lao lilikuwa moja. Baba mdogo Ambakisye ndiye aliyeliuliza kwa sauti.

"Shemeji, breki zilikataa?"

Nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda. Nilifungua mdomo niseme hazikukataa. Mama alinitazama, nikafunga.

"Zilikataa," akasema.

Akijibu vingine ilibidi aseme kwamba mzee amekuwa kiziwi. Angekuwa amemweka mkwe wake kwenye midomo ya watu, na mzee angedaiwa ng'ombe wa kusafisha aibu ya kusimama njiani mwa mke wa mtoto wake. Kwa hiyo akaitoa baiskeli sadaka. Siku ile ile babu aliniita akaniuliza, uso umemshuka, "Kengele yake ilikuwa mbovu? Mbona sikuisikia?" Nikavuka kijito na swali hilo. Mama aligeukia ukutani. "Mwambie ndiyo," alisema. "Mwambie ilikuwa mbovu." Nikavuka nalo, nikalirudia kwa nguvu, kama mtu. Niliona mabega ya mzee yanashuka. Akaamini. Kuanzia siku hiyo akawa anatuma maziwa kila asubuhi, nami ndiye niliyeyabeba, na chungu cha maziwa hayo nilitamani kukivunja kila nilipokivusha.

Mwaka haukuisha sista akaleta mkunga mwingine. Mama akapewa bandeji za kufua.

Na baiskeli? Baba mdogo aliichukua, akisema chuma kisioze. Aliipeleka kwa fundi mjini, ikachomelewa bomba la juu. Lilikuwa bomba la rangi nyingine, limekaa kama fupa lililounganishwa vibaya. Alipakia magunia ya mpunga kutoka Igawa kwa baiskeli ile, miaka na miaka, na kila safari aliteremka mtelemko uleule wa korongo. Breki hazikumkataa hata siku moja. Hakuwahi kujiuliza. Kengele alipenda kuipiga akipita karibu na nyumba ya babu, kumsalimu baba yake, na mzee akaendelea kuota jua bila kugeuka.

Wanawake ndio walioumia zaidi. Binti yeyote wa vilima vyetu aliyetaja baiskeli aliambiwa, "Umesahau Mhehe? Umesahau breki za bei rahisi?" Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo na baba aliporudi kutoka kusini, mama yangu akisikia, akichambua maharage. Sikujifunza kupanda. Nina hasira mpaka leo, na sijui niiweke wapi. Babu sina hasira naye, alitaka yeye ndiye atoke njiani. Mama sina hasira naye, ingawa naijaribu mara nyingine. Wakati mwingi nazikasirikia zile breki kwa kuwa nzuri.

Babu alikufa mimi nikiwa mwanamwali. Wakamlaza sebuleni kwake, wamemfunika shuka jeupe, na wanawake wakaimba. Wakwe wa kike walikuwa wamekaa nje nyuma ya nyumba. Shangazi mkubwa akatoka akawaambia, "Ingieni mumuage. Maiti haikimbiwi."

Mama aliinuka. Alivuka mlango uleule aliopigia hodi na ndizi zake, fimbo ikigonga sakafu, nami nyuma yake. Aliniachia fimbo. Akashika ukingo wa shuka kwa vidole viwili, akafunua, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu hata waimbaji wakapunguza sauti. Kulikuwa na ndevu chache nyeupe, na mdomo ulioingia ndani kwa kukosa meno, na alama ya ugoro chini ya pua ambayo waliomwosha hawakuiona. Mama akaipangusa kwa kidole gumba. Kisha akamfunika.

"Kumbe ni mzee tu," akasema, akanyoosha mkono kuomba fimbo yake.